Korongo Huanzia Kiwanjani

Mhadhara kwa wakazi wa Katoto, Kamina, juu ya maji ya mvua na uponyaji wa ardhi iliyoharibika



Nimeombwa kusema juu ya ardhi iliyoharibika na juu ya maji ya mvua yanayopita katika makao yetu. Hoja yangu nitaitaja mapema, ili anayetaka kuipinga aanze kujiandaa. Korongo, lile tunaloliita erozyo, halizaliwi bondeni tunakoliona. Huzaliwa juu, katika viwanja vyetu: kwenye paa la bati, kwenye ua uliofagiwa hadi ukang'aa, kwenye kijia kinachoteremka moja kwa moja, kwenye shamba la mihogo ambalo matuta yake yanafuata mteremko. Bondeni linakua tu. Anayetaka kulizuia ayashike maji pale yanapoanguka, kiwanja kwa kiwanja, kabla hayajakutana na kupata nguvu.

Mji juu ya uwanda

Kamina imekaa juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hurudi kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na kuendelea hadi mwezi wa nne, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Kisha kinakuja kiangazi: majani yanakauka, moto unapita, ardhi inabaki uchi. Hatari yetu iko hapo. Mvua za kwanza, zenye radi na matone makubwa, huikuta ardhi isiyo na kitu cha kuifunika. Mvua ya mwezi wa pili huangukia majani na mazao. Ya mwezi wa kumi huangukia udongo mtupu. Maji yanaweza kuwa kiasi kilekile, lakini udongo unaoondoka si kiasi kilekile.

Mji wenyewe ulikua kwa hatua. Reli ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928, na Kamina ikawa kituo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga hapa kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege. Mwaka 1956 ilifunguliwa reli ya kwenda Kabalo, na Kamina ikawa njia panda ya treni. Mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, ikawa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Kila hatua ilileta watu, watu wakajenga nyumba, nyumba zikaleta mabati na barabara. Kukua si kosa. Shida ni kwamba katika miji yetu paa huongezeka mbio na mitaro hubaki nyuma.

Na maji yanayotoka hapa hayapotei. Mengine huelekea Lomami, ambayo chanzo chake hakiko mbali nasi. Mengine huteremkia Lualaba na maziwa ya Upemba. Udongo yanaoubeba ndio uliotakiwa kutukuzia mahindi na sombe.

Hesabu ya paa moja

Tufanye hesabu, kwa sababu maji ya mvua yanahesabika. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukueni nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Mvua kubwa ya mchana mmoja ikileta milimita 50, paa hilo peke yake linamwaga lita 4,000. Ni bido 200 za lita 20. Mama anayeamka alfajiri kwenda kuchota bido 2 anaelewa kuliko mimi maana ya hesabu hiyo: nyumba yake imemwaga nje, katika mvua moja, maji ya asubuhi 100.

Sasa tutazame kiwanja kizima, lupango kama tunavyosema hapa. Kikiwa na mita 20 kwa 30, mvua hiyohiyo inakiletea lita 30,000. Penye majani, miti na udongo uliolegea, sehemu kubwa huzama. Pakiwa pamefagiwa na kukanyagwa, nusu yake inaweza kutoka nje: lita 15,000. Viwanja 10 vya avenyu moja vikifanya hivyo, njiani zinateremka lita 150,000, ambazo ni tani 150 za maji, na zote zinakutana kwenye kona ileile. Hapo watu huulizana erozyo imetoka wapi. Imetoka kwa kila mmoja wetu, na kila mmoja ameleta tani zake 15.

Kukutana huko ndiko kunakoua ardhi. Maji yanapoongezeka kina hukimbia zaidi, na mwendo wake ukizidi mara 2, nguvu yake huzidi mara 4. Maji membamba yanayotambaa kwenye majani hubeba vumbi. Maji yaleyale, yakikusanywa katika mfereji mmoja ulionyooka, hubeba kokoto, kisha msingi wa ukuta.

Yanafanya kazi hiyo kwa hatua, na kila hatua ina dalili zake. Kwanza tone hupiga udongo mtupu na kuvunja chembe zake. Chembe ndogo huziba matundu, uso wa ardhi hufunga kama sakafu, na maji hayawezi tena kuingia. Kisha maji husambaa na kuchukua tabaka la juu, lile lenye mbolea, bila kuacha alama kubwa. Hatua ya tatu ni vijifereji ambavyo jembe bado linaweza kuvifuta. Ya nne ni korongo lenyewe, ambalo lina kichwa: pale maji yanapodondokea shimoni, huchimba chini ya ukingo, ukingo huanguka, na kichwa kinasogea kupanda mlima kuelekea nyumbani. Wengi hudhani korongo linateremka. Linapanda, likifuata maji yanakotoka.

Leo mkirudi nyumbani, tazameni mambo matatu. Je, msingi wa nyumba uliokuwa umefunikwa umeanza kuonekana? Je, mizizi ya mwembe imetokeza juu ya ardhi? Je, kizingiti cha mlango mlichokuwa mkikivuka bila kufikiri sasa kinawalazimu kuinua mguu? Nyumba haikupanda. Ardhi imeshuka. Kiwanja cha mita za mraba 600 kilichoshuka sentimita 10 kimepoteza mita za ujazo 60 za udongo. Ni mzigo wa malori 10, ukiweka mita za ujazo 6 katika kila lori. Kama mtu angekuja usiku na malori 10 kuiba bulongo yenu, kartie nzima ingeamka.

Najua neno linalofuata litawagusa wamama. Ufagio wa kila asubuhi una sehemu yake katika jambo hili. Ua mtupu ni heshima ya nyumba, tena nyoka haonekani kirahisi penye majani marefu, na mimi sisemi tuache usafi. Nasema tufagie mlangoni, jikoni na pale watoto wanapochezea, na sehemu iliyobaki tuiache iwe na majani mafupi. Paspalum, majani yale yanayopandwa mbele ya ofisi na makanisa katika miji yetu, hukatwa mafupi na hushika ardhi. Yanaonyesha usafi uleule, na hayaondoki na maji.

Yaliyowapata wengine

Mwaka 2025 watafiti wa Kinshasa, Bukavu na Ubelgiji walitoa katika jarida la Nature hesabu ya makorongo ya mijini katika nchi yetu. Walikuta makorongo 2,922 katika miji 26. Urefu wake ukiunganishwa unakaribia kilomita 740. Kinshasa peke yake ilikuwa na 868. Kati ya mwaka 2004 na 2023 watu wapatao 118,600 walipoteza makao yao kwa sababu hiyo, na watu milioni 3.2 walikuwa wakikaa mahali ambapo korongo lingeweza kuwafikia. Gharama ya kulizuia korongo moja kubwa mara nyingi hupita dola milioni 1. Walionyesha pia kwamba makorongo hayo yameshikana na barabara na ujenzi wa mji: maji ya paa na ya njia hukusanywa, kisha huachwa mahali pasipo na mtaro wa kuyafikisha bondeni.

Kinshasa ilionja matokeo hayo kwa mvua kubwa ya usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022. Zaidi ya watu 100 walikufa, na barabara ya taifa namba 1, ile inayoleta mizigo kutoka bandari ya Matadi, ilikatika huko Mont-Ngafula. Hapo hatukuwa tena na shida ya mtu na kiwanja chake. Chakula cha mji mzima kilisimama njiani.

Lakini nchi jirani zimetuachia pia mafunzo ya kuponya, na baadhi yake ni machungu.

Huko Uluguru, juu ya Morogoro, katika Tanzania ya leo, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa ya shuruti, na mahali pengi matuta yalileta juu udongo mbovu wa chini, mazao yakapungua. Mwaka 1955 wakulima wakaasi, na mpango ukafa. Sisi wa Kongo tunaijua ladha hiyo. Salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima ya wakati wa Mobutu, ilikuwa na wazo zuri ndani yake, lakini mtu aliyesukumwa kushika jembe hulitupa mara tu askari anapogeuza mgongo.

Machakos, Kenya, mambo yalikwenda njia nyingine. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliiandika wilaya ile kama nchi inayokufa. Kati ya wakati ule na mwaka 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara 5, na bado mmomonyoko ulipungua. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka 1994 kinaeleza kilichotokea. Wakamba walikuwa wamechukia matuta ya lazima, lakini walichimba yao wenyewe walipoona kwamba shamba lenye tuta linashika maji, mahindi yanakomaa, na kahawa na matunda yanapata soko. Walifanya kazi kwa vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, leo kwangu kesho kwako. Tuta lao linajulikana hadi leo kama fanya juu: unachimba mfereji kwa kukingama mteremko na kurusha udongo upande wa juu, mvua baada ya mvua udongo hujaa nyuma ya tuta, na mteremko wenyewe hugeuka ngazi.

Tanzania iliendelea kujaribu baada ya uhuru. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lenye kilomita za mraba 1,256. Majani na miti vilirudi, ingawa wafugaji walilipa gharama kubwa. Shinyanga, kuanzia mwaka 1986, mradi wa HASHI ulifuata njia laini zaidi: ulirudisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ipumzike. Maeneo yaliyopona yalipita hektari 300,000. Desturi ilikuwa ya watu, sheria ndogo zilikuwa zao, na walinzi walikuwa wao.

Na hapa jirani, Ndola nchini Zambia, katika misitu ya miombo inayofanana na yetu, kulianzishwa mwaka 1933 jaribio la moto. Kipande kimoja kilizuiwa moto kabisa, kingine kilichomwa mapema majani yakiwa bado na ubichi, kingine mwishoni mwa kiangazi. Kile kisichochomwa kilifunga na kuwa msitu. Kile cha moto wa mwisho kilibaki majani matupu, kwa sababu kila chipukizi liliungua. Moto wa mwezi wa nane na wa tisa, tunaouwasha kwa kuwinda panya au kwa mazoea tu, unaandaa njia ya maji ya mwezi wa kumi.

Kazi ya kiwanja

Sasa tushike jembe. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Kazi yetu ni kuuchagua mkondo huo. Kuna mpangilio wa mambo, na kuuvunja ni kupoteza nguvu: kwanza paa, pili ua, tatu mpaka, na mwisho korongo.

Kwenye paa, anayeweza aweke mfereji wa bati na pipa au tangi. Pipa la lita 200 litajaa mapema sana, kama hesabu yetu ilivyoonyesha, kwa hiyo lazima lijulikane maji yanayofurika yanakwenda wapi. Funikeni pipa kwa kitambaa au wavu, kwa sababu maji yaliyotuama wiki moja huzaa mbu. Asiye na uwezo wa mfereji wa paa aweke changarawe au matofali yaliyovunjika pale matone yanapoangukia, upana wa nusu mita, ili tone lipige jiwe. Kwa nyumba ya matofali mabichi hilo peke yake hurefusha maisha ya ukuta.

Uani, chimbeni shimo la kuzamisha maji. Mita 1 kila upande na mita 1 kwenda chini ni lita 1,000 likiwa tupu. Kabla ya kuchimba, ijaribuni ardhi: chimbeni tundu la kina cha goti, lijazeni maji, likauke, lijazeni tena. Yakizama ndani ya siku moja, mahali panafaa. Shimo likae angalau mita 5 kutoka msingi wa nyumba, na lisikaribie choo wala kisima. Lijazwe mawe au matofali mabovu ili mtoto asitumbukie. Migomba ikipandwa kulizunguka, mapapai kando yake, na majani makavu na taka za jikoni zikitupwa katikati, mtakula maji yaliyokuwa yakiwachimbia nyumba.

Kuna onyo moja kubwa. Kiwanja kilicho ukingoni mwa korongo kisichimbwe shimo la aina hiyo karibu na ukingo. Maji yanayozama huko huulainisha ukingo kwa ndani na kuuangusha. Hapo maji yapelekwe mbali, kwa mtaro uliotandikwa mawe au majani, hadi mahali palipo imara.

Mpakani na shambani, tuta au mfereji ni lazima ukingame mteremko, na ufuate usawa. Jicho hudanganya, tumieni fremu ya A. Ungeni miti miwili ya mita 2 kwa juu, muweke mti wa tatu ukiikata katikati, kisha fungeni uzi wenye jiwe kwenye kilele. Isimamisheni, wekeni alama mahali uzi unapokata mti wa katikati, geuzeni miguu, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kwa fremu hiyo vijana wawili wanaweza kupima shamba zima asubuhi moja. Wapige vigingi kila hatua ya fremu, na jembe lifuate vigingi. Matuta ya mihogo na viazi yafuate mstari huohuo. Tuta linaloteremka ni mfereji tuliouchimbia maji kwa jasho letu.

Juu ya tuta pandeni kitu cha kulishika. Vetiva ni nzuri kuliko yote: mizizi yake hushuka wima hata mita 2 au 3, na aina inayotumika kwa kazi hii haitawanyiki kwa mbegu kuvamia shamba. Machipukizi hupandwa karibukaribu, sentimita 10 hadi 15, hadi yafunge ukuta. Isipopatikana, matete yanafaa, na mifugo itayala. Na kwenye vichaka vilivyokatwa makala, msing'oe visiki. Visiki vya miti ya mulombwa, mubanga na musuku bado vina uhai chini. Chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyo imara katika kila kisiki, punguzeni mengine, zuieni moto. Ndiyo kazi ambayo Dodoma wanaiita kisiki hai. Mti wenye mizizi ya miaka 20 hukua haraka kuliko mche wowote wa kununua.

Kuponya korongo

Korongo likishakuwepo, jambo la kwanza linalotujia ni kutupa taka ndani yake. Taka hazizuii maji. Maji hupita chini yake, hulegeza kingo, na mvua kubwa husukuma mzigo wote kwa jirani wa chini, pamoja na uchafu wake.

Dawa huanza juu ya kichwa. Maji yanayolilisha yageuzwe au yapunguzwe. Bila hilo yote yanayofuata ni bure. Kisha sakafu itulizwe kwa vizuizi vifupi vya mawe, magunia ya mchanga, au vigingi vilivyofumwa kwa fito. Vizuizi vingi vifupi vinashinda ukuta mmoja mrefu, maana ukuta mrefu ukivunjika huachia yote kwa mara moja. Kizuizi kiwe na nusu mita tu, kiingizwe ndani ya kingo pande zote mbili, kiwe chini katikati kuliko pembeni ili maji yapite katikati, na kiwekewe mawe pale maji yanapodondokea. Nafasi kati ya vizuizi inapatikana kwa hesabu: kilele cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kizuizi cha juu. Sakafu inayoshuka mita 5 kwa kila mita 100, ikiwa na vizuizi vya nusu mita, inataka umbali wa mita 10. Baada ya mvua chache udongo hujaa nyuma yake. Hapo ndipo mnapanda.

Kingo zilizo wima zikatwe ziwe na mlalo, kisha zipandwe vetiva, paspalum, mianzi bondeni, na vigingi vya miti inayochipua. Mbuzi wafungwe. Watu wapewe njia nyingine ya kuvukia, kwa sababu kijia kimoja kinachokatiza ukingo kinatosha kufungua jeraha upya. Kazi ya udongo ifanyike kiangazi. Kupanda kungoje mvua zitulie, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Na msijaribu kwa majembe korongo lenye kina cha kumeza nyumba: hilo linataka mhandisi na saruji, na wanaokaa ukingoni wanapaswa kuhamishwa kwanza.

Jirani wa juu, jirani wa chini, na serikali

Mtaniambia: nikishika maji yangu na jirani wa juu asishike yake, nimefanya nini? Swali ni la haki, na lina umri mrefu. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, iliyozaa ile ya Ubelgiji na kupitia Ubelgiji ikafika kwetu, ilishaweka kanuni: kiwanja cha chini hupokea maji yanayoteremka kwa asili yake, lakini mwenye kiwanja cha juu haruhusiwi kuyazidisha kwa kazi ya mkono wake, na maji ya paa yaangukie ardhi ya mwenye paa au njia ya umma, yasimwagwe kwa jirani. Mwaka 1973 sheria ya ardhi ya nchi yetu ilisema ardhi ni mali ya Serikali nasi tuna haki ya kuitumia. Basi kila mwenye kiwanja anatumia kitu kinachowahusu wengine, na wa kwanza kuhusika ni anayekaa chini yake.

Lakini kesi kati ya majirani ni njia ya mwisho. Mwethya wa Machakos na ngitili ya Shinyanga vinatufundisha kupatana kabla. Napendekeza avenyu ndiyo iwe kikundi, kwa kuwa maji hukusanyika kwa avenyu. Kaya za avenyu moja zikutane mwezi wa sita, mvua ikiwa imekwisha. Zitembee pamoja kutoka juu hadi chini, zione maji ya kila mmoja yanatokea wapi. Zianze kazi kwenye kiwanja cha juu kabisa na kushuka, hata kama mwenye kiwanja hicho hana shida yoyote yeye mwenyewe. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili lote: anayepaswa kufanya kazi kwanza ni yule ambaye korongo halimsumbui. Kwa sababu hiyo asiachwe afanye peke yake. Walio chini wapande na majembe yao wamsaidie, maana wanachimbia usalama wao. Wajane na wazee wachimbiwe. Mwenye paa kubwa, awe mfanyabiashara, kanisa au shule, achimbe kwa kadiri ya paa lake. Hesabu mnayo tayari.

Serikali pia ina sehemu yake, na hatupaswi kuisamehe. Barabara ni paa kubwa kuliko la mtu yeyote. Anayelima barabara kwa katapila na kuacha mtaro wake ukiishia katikati ya makao ya watu amechimba korongo, hata kama amekata utepe. Kila mtaro ufikishwe bondeni, kila kalvati iwe na mawe mdomoni, na viwanja visiuzwe kwenye vichwa vya mabonde wala kwenye mapito ya maji. Haya tuyadai kwa mkuu wa mji na kwa jimbo, kwa maandishi, tukiwa na orodha ya viwanja ambavyo tayari vimeshika maji yake. Ofisi huwajibu haraka zaidi watu wasioweza kuambiwa kwamba maji mabaya ni yao wenyewe.

Nimemaliza sehemu yangu. Sasa ninasikiliza maswali, na ninaomba waanze wanaokaa chini kabisa ya mteremko.